Tumkumbuke Padri Portal

Si desturi ya safu hii kuandika habari za mapadri wa Ulaya. Kalamu yetu aghalabu hushughulika na karafuu na bandari, skuli na hospitali, na wajibu wa wananchi na viongozi wao. Leo tunawaomba wasomaji watupe nafasi tumkumbuke Mfaransa mmoja ambaye maisha yake yalipita mbali na visiwa vyetu. Jina lake ni Fernand Portal, padri wa Kanisa Katoliki. Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1855 huko Laroque, kusini mwa Ufaransa, akafariki dunia tarehe 19 Juni 1926. Miaka mia moja tangu kifo chake inaangukia mwaka 2026.

Tunamkumbuka kwa sababu alitumia umri wake wote wa utu uzima kuwakaribisha pamoja Wakristo waliofarakana, na njia yake ilikuwa upole. Alishindwa mara mbili mbele ya macho ya watu. Hata hivyo, mambo mengi mema yaliyotokea baada yake baina ya makanisa yalifuata njia aliyoifyeka yeye. Tena kazi yake ilianza kisiwani, kwa watu wawili waliokutana kwa sababu ya maradhi. Kwa hiyo sisi watu wa visiwani tunayo haki ya kuisikiliza hadithi hii kama jambo letu.

Kwanza tueleze mfarakano wenyewe, maana wengi wa wasomaji wetu ni Waislamu na huenda hawajui kilichowatenga Wakristo hawa. Mwaka 1534 mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alijitangaza kuwa mkuu wa Kanisa katika nchi yake, akakata uhusiano na Papa wa Roma. Tangu hapo Kanisa la Kiingereza, ambalo wafuasi wake huitwa Waanglikana, likafuata njia yake. Liliendelea kuwa na maaskofu na mapadri, lakini Wakatoliki waliuliza: je, hao ni mapadri wa kweli? Upadri kwa Wakatoliki hupokewa kwa kuwekewa mikono na askofu, ambaye naye aliwekewa mikono na askofu aliyemtangulia, hivyo hivyo hadi kwa wanafunzi wa Nabii Isa. Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia skuli za serikali tunaweza kulielewa jambo hili kwa mfano wa ijaza na silsila. Mwalimu hupewa idhini na mwalimu aliyemtangulia, na mnyororo ukikatika mahali pamoja, idhini zote zinazofuata huingia shaka. Wakatoliki wengi walidai kuwa mnyororo wa Waingereza ulikatika katika karne ya 16. Waanglikana walikana, na kila upande ulitunga vitabu kuushitaki mwengine.

Mkaazi yeyote wa Unguja ameuona mfarakano huo umesimama kwa mawe na chokaa. Pale Mkunazini lipo kanisa kuu la Waanglikana, lililojengwa na wamisionari wa Kiingereza mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Mwendo mfupi kutoka hapo, kuelekea Shangani, lipo kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyewe tunaliita Minara Miwili, lililojengwa na mapadri wa Kifaransa katika miaka ya 1890. Mtoto anaweza kutembea kutoka moja hadi jengine bila ya kuchoka. Lakini kwa miaka mingi mapadri wa upande mmoja, kwa mujibu wa mafundisho ya Kanisa lao, hawakuweza kuutambua upadri wa wenzao wa upande wa pili.

Portal alikuwa mtu wa shirika la Walazaristi, lililoasisiwa na Vincent wa Paulo mwaka 1625 ili kuwahudumia maskini na kuwafunza mapadri. Mapafu yake hayakuwa mazima. Katika majira ya baridi ya mwaka 1889 kuingia 1890 wakubwa wake walimpeleka Madeira, kisiwa cha Wareno katika Bahari ya Atlantiki, ambacho hewa yake iliaminiwa kuwafaa wagonjwa wa kifua. Huko alipewa kazi ya kuwahudumia watawa wa kike waliokuwa wakiuguza wagonjwa. Majira hayo hayo alifika kisiwani Mwingereza Charles Wood, aliyejulikana kwa cheo chake cha kurithi, Lord Halifax. Naye alikuja kwa sababu ya maradhi, kwani mtoto wake wa kiume alikuwa mgonjwa sana. Katika muda wa miaka michache Halifax alizika vijana wake watatu.

Hatuna haja ya kuutetea ukabaila katika safu hii. Halifax alikuwa kabaila mwenye ardhi na majumba, na Portal alikuwa padri wa shirika la watu wa kawaida. Mmoja alikuwa na umri wa miaka 50, mwengine 34. Lakini Halifax alikuwa pia rais wa chama kikubwa cha Waanglikana waliopenda ibada na mafundisho ya kale, na moyo wake ulitamani kuiona siku ambayo Kanisa lake litapatana na Roma. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Watu wawili hawa walianza kutembea pamoja na kuzungumza, na kila mmoja akagundua kwamba picha aliyofunzwa juu ya dini ya mwenziwe haikufanana na mtu aliyekuwa mbele yake. Walipoachana, hawakuacha kuandikiana barua, nao waliendelea hivyo kwa muda wa miaka 36, hadi kifo kilipowatenganisha.

Portal hakuridhika na urafiki wa watu wawili. Alitaka Makanisa mawili yafanye kama walivyofanya wao, yaani yakae na kuzungumza. Alijua kuwa watu hawakai kuzungumza bila ya jambo la kuzungumzia, akachagua lile lenye maumivu zaidi, yaani upadri wa Waanglikana. Mwaka 1894 alitoa kijitabu juu ya suala hilo kwa jina la kubuni la Fernand Dalbus. Shabaha yake haikuwa kulimaliza suala, bali kuwafanya wanazuoni wa pande zote wajibizane kwa adabu, nao wakajibizana. Miongoni mwa waliojibu alikuwa Louis Duchesne, mwanahistoria mkubwa wa Kifaransa, ambaye alielekea upande wa kuukubali upadri huo. Mwaka huo huo Portal alikwenda Uingereza, akaonana na viongozi wa Kanisa la huko, kisha akaenda Roma, akapokewa na Papa Leo wa 13. Mwaka 1895 alianzisha mjini Paris gazeti la kila wiki ambamo Wakatoliki na Waanglikana waliandika bega kwa bega. Hilo halikuwa jambo dogo katika zama zile.

Matumaini hayo hayakudumu. Kardinali Vaughan, mkuu wa Wakatoliki wa Uingereza, hakuipenda njia hii. Aliona kuwa mazungumzo ya Makanisa yangewafanya Waingereza mmoja mmoja wasite kuingia Ukatoliki. Papa aliunda tume mwaka 1896, na baada ya kazi yake ukatoka waraka wenye tarehe ya 13 Septemba 1896, uliosema kwamba upadri wa Waanglikana ni batili na hauna nguvu kabisa. Kwetu Zanzibar zilikuwa zimepita siku 17 tu tangu manowari za Kiingereza zilipoipiga mizinga kasri ya Seyyid Khalid bin Barghash, tarehe 27 Agosti. Wakati mafundi walipokuwa wakiinua kuta za Minara Miwili, Roma ilikuwa imekwisha kutoa hukumu juu ya madhabahu ya Mkunazini.

Gazeti la Portal lilifungwa, na yeye mwenyewe akatakiwa aache shughuli hizo. Hapa ndipo tunapoiona tabia ya mtu. Angeweza kuasi, akahama Kanisa lake na kupokewa London kama shujaa. Angeweza pia kugeuka, akalaani aliyoyatetea jana ili arudishiwe cheo. Hakufanya la kwanza wala la pili. Alitii, akanyamaza hadharani, na hakumwacha rafiki yake.

Baadaye aliwekwa kuongoza nyumba ya kuwafunza mapadri mjini Paris. Mwaka 1904 alianzisha jarida jengine la kuwajulisha Wakatoliki habari za Makanisa mengine, yakiwemo ya Mashariki na ya Urusi. Mwaka 1908 amri ilitoka tena Roma, akaondolewa katika uongozi, na jarida nalo likafa. Alikuwa na umri wa miaka 53, hana cheo wala gazeti. Alichobakiwa nacho ni chumba cha kupokea wageni, na hicho alikitumia vizuri. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Paris walimwendea wapate ushauri. Waanglikana na Warusi waliopita mjini walijua mlango wake. Alijishughulisha pia na kazi za huruma kwa watu wa Javel, mtaa wa wafanyakazi wa viwanda, kwa sababu aliamini kuwa padri anayezungumza juu ya umoja wa Wakristo huku hawajui maskini wa mtaani kwake anazungumza maneno matupu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipomalizika, mlango uliofungwa ulianza kufunguka. Mwaka 1920 maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana Lambeth, London, wakatoa mwito kwa Wakristo wote waungane. Walikwenda mbali zaidi: walisema wako tayari, ikiwa itasaidia umoja, kupokea kutoka kwa Makanisa mengine namna ya kuidhinishwa katika kazi yao. Baada ya hukumu ya 1896 hilo lilikuwa tendo kubwa la unyenyekevu. Mmoja wa waliokuwa na mchango katika mwito huo alikuwa askofu wetu wa Mkunazini, Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar tangu 1908 hadi kifo chake mwaka 1924.

Weston hakuwa mtu laini. Mwaka 1913, wamisionari wa Kianglikana na wa madhehebu mengine ya Kiprotestanti walipokutana Kikuyu, nchini Kenya, na kushiriki pamoja meza ya Bwana, yeye alipaaza sauti kutoka Zanzibar akataka maaskofu wenzake wawili washitakiwe kwa kupotoka. Lakini mtu huyo huyo, akiwa mwenyekiti wa mkutano mkubwa wa Waanglikana mjini London mwaka 1923, aliongoza kupelekwa kwa simu ya salamu kwa Papa, jambo lililozusha manung'uniko makubwa miongoni mwa Waingereza. Tunaitaja habari hii ili mwananchi ajue kwamba mambo haya hayakuwa ya Ulaya peke yake. Sauti iliyotoka hapa ilisikika katika ugomvi na katika suluhu vile vile.

Mwito wa Lambeth ulipotoka, Halifax alikuwa amepita miaka 80. Mwaka 1921 yeye na Portal walifunga safari kwenda Mechelen, Ubelgiji, mji ambao Wafaransa huuita Malines, kumwona Kardinali Mercier, askofu aliyesifika kwa kusimama imara mbele ya jeshi la Wajerumani lililoikalia nchi yake wakati wa vita. Portal alimwomba awe mwenyeji wa mazungumzo, naye Mercier akakubali. Mkutano wa kwanza ulifanyika Desemba 1921, ukafuatiwa na miwili mwaka 1923 na mmoja Mei 1925. Walikaa watu wachache tu, Wakatoliki upande mmoja na Waanglikana upande wa pili, katika nyumba ya Kardinali, kama wazee wanavyokaa barazani. Walijadili madaraka ya Papa, mamlaka ya maaskofu, na maana ya ibada zao. Katika mkutano wa mwaka 1925 ilisomwa hati iliyopendekeza kuwa Kanisa la Kiingereza liungane na Roma bila ya kumezwa, lihifadhi desturi zake na uongozi wake wa ndani. Wazo hilo liliwatisha wengi, lakini halikufa.

Mercier aliugua. Januari 1926 Halifax, akiwa na umri wa miaka 86, alikwenda kumuaga, na Kardinali alimpa pete yake ya uaskofu. Mercier alifariki tarehe 23 Januari. Haikupita miezi mitano, Portal naye akafuata. Mkutano wa mwisho wa Oktoba 1926 ulifanyika bila ya wao, ukawa wa kufunga hesabu tu. Januari 1928 Papa Pius wa 11 alitoa waraka uliowakataza Wakatoliki kushiriki katika mikutano ya kutafuta umoja kwa njia hiyo. Halifax aliivaa pete ya rafiki yake shingoni mpaka alipokufa Januari 1934, na baadaye ikatiwa katika kikombe cha ibada kilicho katika kanisa kuu la York.

Mtu akiifunga hesabu hapo, atasema Portal alishindwa. Sisi hatukubaliani na hesabu hiyo. Tarehe 21 Novemba 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulipitisha hati juu ya umoja wa Wakristo, ikawataja Waanglikana kuwa wana nafasi ya pekee. Jean Guitton, aliyekuwa mmoja wa wale wanafunzi waliomwendea Portal, ndiye mlei wa kwanza aliyealikwa kuutazama Mtaguso huo. Machi 1966 Papa Paulo wa Sita alimpokea Michael Ramsey, Askofu Mkuu wa Canterbury, akamvisha pete yake mwenyewe. Waliojua habari za Mercier na Halifax walielewa pete hiyo ilikuwa inajibu pete ipi. Tangu mwaka 1970 tume ya wanazuoni wa pande mbili imekuwa ikikutana. Umoja kamili haujapatikana, na waraka wa 1896 haujafutwa. Lakini leo askofu wa Mkunazini na padri wa Minara Miwili wanaweza kusimama pamoja kumwomba Mungu bila ya yeyote kushitakiwa.

Tunapata nini sisi katika habari hii? La kwanza ni kwamba watu hawawezi kupatanishwa kabla ya kujuana. Katika ofisi zetu lipo jambo la kusikitisha: afisa hupokea malalamiko ya pande mbili, huyasoma katika faili, huandika uamuzi, hupiga muhuri, kisha huamini kuwa ugomvi umekwisha. Waraka wa 1896 uliandikwa na watu wenye elimu kubwa, na kwa dhamiri zao waliona wanasema haki. Hata hivyo ugomvi haukwisha. Palipohitajika hukumu, hukumu itolewe, lakini kiongozi asidhani kuwa karatasi inaweza kuifanya kazi ya miguu. Portal alipanda meli na treni, akabisha hodi, akakaa, akasikiliza.

La pili ni adabu ya kushindwa. Wako watu ambao rai yao ikikataliwa kikaoni hutoka na kinyongo, wakaanza kuchimba. Wako wengine ambao hubadilisha imani yao kwa kadiri ya upepo. Portal alikaa ndani ya jamaa yake, akaheshimu uamuzi wake, wala hakuuza rafiki wala rai. Alingoja miaka 25 tangu hukumu ya 1896 hadi kikao cha kwanza cha Malines, na katika kungoja huko hakukaa bure. Aliwalea vijana, akawasaidia maskini wa jirani.

La tatu linatuhusu sisi Waislamu. Tumefunzwa kuwa Qurani imewataja kwa wema makasisi na watawa wasiotakabari. Tunaposoma maisha ya mtu kama huyu, tunaona ni watu wa namna gani wanaosemwa. Sisi wenyewe tuna madhehebu zetu, na wazee wetu wa Kisunni na wa Kiibadhi waliishi pamoja katika visiwa hivi, wakiwa na makadhi wa pande zote mbili. Hawakuyapata masikilizano hayo kwa kuwa hawakuwa na khitilafu. Walizikiana, walioleana, walialikana futari. Desturi hizo zikipungua, hakuna hotuba itakayoziba pengo lake.

Tunatoa rai, basi, kwa masheha wetu, walimu wa skuli na vyuo, maimamu na makasisi, na kwa maofisa wa mikoa na wilaya. Tusingoje mpaka kuwe na ugomvi ndipo tuitane kikaoni. Mwenye jirani wa dini au dhehebu nyengine ambaye hajapata kuingia nyumbani kwake, aanze na ziara ya kawaida, kumjulia hali mgonjwa au kumpa pole aliyefiwa. Kule Madeira mambo yote yalianza kwa mgonjwa mmoja na baba aliyekuwa na huzuni, na padri aliyeacha shughuli zake akatembea naye.